Talaka ya mama wa Kiyahudi mwenye kazi na watoto: maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Queens, New York, kazi yangu kulea watoto. Familia ninayoifanyia kazi ni Wayahudi Waothodoksi, wale wanaoshika dini kwelikweli, sabato, chakula, mavazi, kila kitu. Mama ni mhasibu, ana watoto watatu, na sasa hivi yuko katikati ya talaka. Nitamwita Mama Watatu. Nilimuomba ruhusa akasema andika tu, ilimradi usinitaje jina wala ofisi yangu. Naandika kwa sababu nikipiga simu nyumbani au nikikutana na Waswahili wenzangu huku maswali ni yaleyale, na mengine yanaulizwa kwa dhana tu, wakati huyu mwanamke anapitia mambo ambayo mama yeyote wa kwetu angeyaelewa akielezwa vizuri.

Kwani Wayahudi wanaruhusiwa kuachana?

Wanaruhusiwa, na siyo jambo la juzi. Kafungue Kumbukumbu la Torati sura ya 24, mstari wa kwanza kabisa unataja mume kumwandikia mke hati na kumpa mkononi, na hati hiyo ndo inaandikwa mpaka leo. Wengi wetu tumekulia karibu na Wakatoliki tunadhani dini zote za Biblia zinakataza, hapana. Kwao ndoa ikishindikana inavunjwa na si lazima mtu afumaniwe, wote wawili wakikubali inatosha. Ila usidhani wanaichukulia kirahisi. Mama Watatu na mumewe walikaa na mshauri wa ndoa, wakakaa na rabi wao, wakajaribu tena, ndo wakafika hapa.

Mbona nasikia ana talaka mbili? Ya korti haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndo penye mzigo wenyewe. Ya kwanza ni ya serikali. Hapa New York kesi ya talaka inafunguliwa Supreme Court, jina linatisha lakini ndo korti ya kuanzia, na tangu 2010 huhitaji tena kuthibitisha kosa la mwenzako, unaapa tu kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka kwa miezi 6 au zaidi. Kabla ya hapo ilibidi useme amenitesa, amezini, amenitelekeza, au mkae kwanza mwaka mzima mmetengana kwa maandishi, na New York ndo lilikuwa jimbo la mwisho Marekani nzima kulegeza hilo. Korti hiyo inagawa mali, inaamua watoto wakae wapi, inapanga pesa za matunzo.

Ya pili ni ya dini, ile hati sasa, wanaiita get, inatolewa mbele ya baraza la marabi watatu. Jaji wa serikali hata agonge mihuri mia, bila get huyu mwanamke kwa dini yake bado ni mke wa mtu. Akiolewa na mwingine hivyohivyo inahesabika ni zinaa, na mtoto atakayezaliwa huko anabeba hadhi inayomzuia kuoa au kuolewa na Myahudi wa kawaida maisha yake yote. Kwa hiyo ukimuona anahangaikia karatasi usiseme ni ushamba, anawaza mpaka wajukuu.

Niseme pia kwamba si Wayahudi wote wako hivi. Wale wa Reform, na ni wengi sana Marekani, kwa kawaida wanakubali talaka ya korti na yanaishia hapo. Wa Conservative wanataka get ila wana njia zao za kumsaidia mke akinyimwa. Mimi naongelea Waothodoksi kwa sababu ndo ninaoishi nao.

Hiyo get inatolewaje?

Mama Watatu alishaipata, ingawa kesi ya korti bado inaendelea. Alinisimulia jioni tukiwa tunakunja nguo za watoto na mimi nilibaki nimeshika shati mkononi nasikiliza.

Chumba cha kawaida tu, meza, marabi watatu, mwandishi na mashahidi wawili. Mwandishi anakuja na karatasi yake, wino na kalamu ya unyoya, anampa mume vyote viwe mali yake kwanza, halafu mume anamuagiza aandike. Hakuna fomu ya kujaza mapengo, kila get inaandikwa upya kwa mkono kwa ajili ya mwanamke huyuhuyu mmoja. Mistari 12, herufi za Kiebrania, lugha yenyewe Kiaramu. Wanauliza majina yote, la kuzaliwa, la utani, unaloitwa nyumbani, unaloitwa sinagogi, jina la baba yako na anavyoitwa na watu, maana wakikosea jina hati inaweza kuwa batili. Na mji wanautaja kwa maji yake, mto au bahari iliyo karibu na visima. Mume anaulizwa mara kadhaa kama anatoa kwa hiari yake, kuna mtu amekulazimisha? Anajibu hapana, wanauliza tena kwa namna nyingine.

Ikishakauka inasomwa. Halafu mke anavua pete, anaweka viganja pamoja juu, mume anaidondosha ile karatasi iliyokunjwa kwenye viganja vyake na kumwambia kwamba hii ni get yako, tangu sasa umeachika na uko huru kwa mwanaume mwingine yeyote. Mke anafumba mikono, anaiweka ile karatasi kwapani, anatembea hatua chache kuelekea mlangoni kuonyesha sasa ni yake na anakwenda zake. Kisha anairudisha, marabi wanaikata isije ikatumika tena, wanaitunza wao. Yeye anapewa barua tu ya kuthibitisha.

Yote hayo kama saa mbili hivi. Kama hawataki kuonana inawezekana kutuma wakala akaipeleka, watu wengi wanafanya hivyo. Yeye alitaka kuwepo mwenyewe. Akaniambia kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba mumewe alikuwa mpole siku hiyo, sauti ileile ya zamani, akajikuta anataka kumuuliza kama amekula. Mchana huohuo akapanda subwei akarudi ofisini kwa sababu alikuwa na mkutano na mteja saa tisa.

Na mume akikataa kutoa?

Hapo ndo kwenye kilio. Mke ambaye mumewe hataki kutoa get wanamwita aguna, yaani amefungwa, hana ndoa na hana uhuru, na wapo waliokaa hivyo miaka na miaka. Mwanaume anaitumia kama silaha, niachie nyumba ndo nikupe, punguza pesa za matunzo ndo nikupe. Ni dhuluma na marabi wengi wenyewe wanaiita dhuluma. Kila mwaka siku ya mfungo wa Esta, mwezi wa pili au wa tatu hivi, inaadhimishwa kama siku ya kuwakumbuka hawa wanawake.

Zamani mume aliweza kumwacha mke hata mke hataki. Kama mwaka 1000 hivi rabi mmoja mkubwa wa Ujerumani, Gershom, alipitisha kwamba mke asiachwe bila ridhaa yake, na marufuku ya kuoa mke wa pili inahesabiwa kwa huyuhuyu. Kwa hiyo leo mke naye anaweza kukataa kupokea na mume akakwama. Lakini mizani haiko sawa, maana mume akizaa nje na mwanamke asiye na mume watoto wake hawapati lile doa, mke akizaa nje wanalipata.

Njia za kusaidia zipo. New York ilitunga sheria mwaka 1983 kwamba anayefungua kesi, kama ndoa ilifungwa kidini, lazima aape ameondoa vizuizi vyote vilivyo mikononi mwake vinavyomzuia mwenzake kuoa au kuolewa tena, na mwaka 1992 ikaongezwa kwamba jaji anaweza kuangalia jambo hilo wakati wa kugawa mali. Jumuiya nayo inambana anayegoma, anaweza asipewe heshima sinagogi, watu wanakwenda kuandamana nje ya nyumba yake na mabango. Ila iliyomsaidia Mama Watatu ni mkataba waliosaini kabla ya harusi. Uliandaliwa na baraza la marabi hapa Marekani miaka ya 1990, mume anaahidi kwamba wakitengana atamlipa mke matunzo, kiwango cha kuanzia dola 150 kwa siku, kila siku mpaka ndoa ya dini iishe. Korti ya kawaida inaweza kuusimamia. Mumewe hakuwahi kulipa hata senti, ila kila mtu alijua karatasi ipo kwenye faili, na hiyo ilitosha. Alisaini akiwa bibi harusi, akiona aibu hata kuusoma mbele ya mama mkwe. Binti yeyote wa Kiothodoksi anayesoma hapa, ausaini.

Kule Israel je?

Kule ni ngumu zaidi kwa upande mmoja, maana hakuna talaka ya serikali kwa Wayahudi, tangu sheria ya 1953 ndoa na talaka zao ziko chini ya mahakama za marabi, hata kama mtu hana habari na dini. Kwa upande mwingine mahakama hizo zina meno. Sheria ya 1995 inawaruhusu kumnyang'anya mgomaji leseni ya gari, kumzuia kutoka nchini, kumbana na akaunti ya benki, hata kumtia jela. Marekani baraza la marabi haliwezi kumfunga mtu.

Ni kama talaka yetu ya Kiislamu?

Zinakaribiana ukitazama kwa mbali. Wana mkataba wa ndoa unaoitwa ketuba, umeandikwa deni la mume kwa mke, zuzi 200 kwa binti anayeolewa mara ya kwanza, ni fedha ya kale. Sisi tungesema mahari iliyoahirishwa. Huku mara nyingi haidaiwi, inazimwa kwenye makubaliano ya jumla. Eda nayo ipo kwa namna yake, mke anasubiri siku 92 kabla hajaolewa tena ili ijulikane kama ana mimba na ni ya nani.

Tofauti kubwa ni mbili. Kwanza kwao maneno ya mdomo hayaachi mtu, mume akipayuka kwa hasira nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha, hakuna kilichotokea, bila maandishi na mashahidi bado ni mkewe. Ya pili ilinishangaza. Kwetu mume akishatoa talaka tatu hawezi kumrudia mpaka mke aolewe na mwingine na ndoa hiyo iishe kihalali. Kwao ni kinyume kabisa, mume wa kwanza anaweza kumrudia mkewe ilimradi hajaolewa na mwingine katikati, akishaolewa na mwingine basi wa kwanza amemkosa milele. Ipo Torati hapohapo sura ya 24.

Kwa nini kila kitu kinaharibika Ijumaa?

Kwa sababu sabato inaingia na saa yake haimsubiri mtu. Mishumaa inawashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Mwezi wa 12 hapa New York hiyo ni saa 10 na dakika kumi na kitu jioni, mwezi wa 6 inafika saa 2 na dakika kumi na kitu usiku. Ikishaingia hakuna gari, hakuna simu, hakuna kupika, hakuna kuwasha taa, mpaka nyota zionekane Jumamosi usiku.

Sasa rasimu ya kwanza ya mpango wa watoto iliyoandikwa na mwanasheria ilisema watoto wakabidhiwe kwa baba kila Ijumaa ya pili saa 12 jioni na warudishwe Jumapili. Kwa familia nyingine ni sawa kabisa, ila kwa hawa saa 12 jioni ya Desemba sabato iko ndani tayari karibu saa mbili, nani atawaendesha? Ikabidi iandikwe upya, wakabidhiwe si chini ya saa moja na nusu kabla ya mishumaa, saa inabadilika kila wiki kufuata kalenda. Na Ijumaa isiyo ya kwake bado mama anawapikia kitu, anawakatia kucha, mkubwa anatafuta kiatu kimoja, mdogo analia hataki kwenda, ofisini wanapiga simu, na mimi nafunga mabegi mlangoni. Ukiwahi kuona mtu anapika kuku na mchuzi, anajibu barua pepe na kuchana nywele za mtoto kwa wakati mmoja, ndo Ijumaa yake.

Kilichowaokoa ni kwamba baba alihamia mitaa michache tu kutoka hapo. Wanaweza kutembea kwa miguu siku yenyewe ya sabato, na kwa sababu mtaa umezungukwa na waya wa eruv, yaani mpaka wa kidini wa mtaa, unaopita juu kwenye nguzo, inaruhusiwa kusukuma kigari cha mtoto ndani ya mpaka huo. Mkubwa akisahau kitu anatembea kwenda kukichukua. Kama unajua mtu anatafuta fleti baada ya kutengana na ni Mwothodoksi, hilo la umbali wa kutembea lizungumzwe kabla ya kodi.

Ijumaa ambayo watoto hawapo inakuwaje?

Ya kwanza nilimuacha amesimama jikoni na mishumaa, nikaondoka maana ilikuwa saa ya kuondoka. Ana desturi ya kuwasha mshumaa mmoja kwa kila mtoto juu ya ile miwili, akaniuliza, niwashe yao hata kama hawapo? Nikamwambia kwani si watoto wako? Akaiwasha yote.

Siku hizi anaalikwa. Watu wa huko wana moyo wa kualika, kila Jumatano simu zinaingia, uje kwetu Ijumaa, uje Jumamosi mchana. Baadhi ya wiki anakwenda, nyingine anasema nimechoka kuwa mgeni, anakula peke yake anasoma kitabu analala saa 3. Amesema usingizi wa sabato isiyo na watoto ni mzuri kupita maelezo na kisha Jumamosi mchana nyumba inakuwa kubwa mno. Vyote viwili ni kweli.

Sikukuu wanagawanaje?

Kwa zamu, mwaka huu mama, mwaka ujao baba, lakini kuna kitendawili cha Pasaka. Nje ya Israel kuna karamu ya seder usiku wa kwanza na usiku wa pili. Jaji asiyejua atasema rahisi, usiku mmoja kwa mama na mmoja kwa baba. Katikati yake ni siku ya sikukuu, hakuna kuendesha gari, kwa hiyo kama wazazi wanaishi mbali mtoto hawezi kuhama. Hawa wanaweza kwa sababu ya ule umbali wa miguu, ila watoto walikataa wenyewe, walisema hawataki kuhamahama usiku na mablanketi. Wakakubaliana siku za kwanza kwa mmoja, za mwisho kwa mwingine.

Kazini wanamuelewa?

Wengine ndio, wengine wanatabasamu tu. Hesabu mwenyewe. Mwaka Mpya wao siku 2, Yom Kippur, siku ya toba, 1, Sukkot, sikukuu ya vibanda, siku 2 za mwanzo na 2 za mwisho, Pasaka 2 na 2, Shavuot, sikukuu ya majuma, 2. Jumla 13 za kutofanya kazi kabisa, nyingine zinaangukia wikendi lakini miaka mingine haziangukii. Mwaka 2024 Mwaka Mpya, Sukkot mwanzo na Sukkot mwisho zote ziliangukia Alhamisi na Ijumaa, ikifuatiwa na sabato, yaani mara tatu ndani ya mwezi mmoja siku tatu mfululizo hakuna simu. Sheria ya Marekani inamtaka mwajiri amuwekee nafasi mtu wa dini labda iwe ni mzigo mzito kwa biashara, ila haimlazimishi kumlipa. Likizo yake yote inaishia kwenye sikukuu. Mtoto akiugua hana siku, na sasa hana mume wa kugawana naye, ndo maana mimi nipo. Anafidia kwa kufanya kazi Jumapili na siku ya Krismasi.

Nikupe mfano wa 2025. Dedilaini ya kodi Marekani ni tarehe 15 Aprili, na kwa mhasibu majuma ya kabla ya hapo hakuna kulala. Mwaka huo Pasaka iliingia Jumamosi usiku tarehe 12. Yaani sabato, kisha Jumapili na Jumatatu sikukuu, simu na kompyuta vimezimwa tangu Ijumaa jua likizama mpaka Jumatatu usiku, na Jumanne ndo tarehe 15. Na kabla ya hapo nyumba nzima lazima isafishwe chachu yote, mkate, biskuti, pasta, mpaka makombo kwenye viti vya gari vya watoto, chukua tunavyosafisha nyumba kuamkia Idi kisha zidisha mara kumi. Nilichokonoa nafaka za asubuhi kwenye mikunjo ya kiti kwa kijiti cha meno. Watoto walikuwa zamu yake. Jumanne nilipofika asubuhi nilimkuta mezani bado amevaa kilemba cha sikukuu, laptopu imezungukwa na makombo ya matsa, mkate wao usio na chachu, hajalala tangu Jumatatu saa 3 usiku. Kazi siku hiyo ya katikati ya sikukuu inaruhusiwa kama kuiacha kutaleta hasara. Akamaliza mafaili yote. Akalala sakafuni chumbani kwa mdogo, watoto wakampitia juu taratibu.

Wayahudi si matajiri? Anateseka na nini?

Swali hili nalijibu bila kuzunguka. Si kweli, na limewaletea watu hawa madhara makubwa, tuache kulisema. Yeye ana mshahara mzuri wa ofisi na matumizi ya kumtoa mtu jasho. Shule ya dini ya mtoto mmoja maeneo haya inaweza kupita dola 20,000 kwa mwaka, na ana watatu. Nyama ya kosha, yaani inayofuata sheria yao ya chakula, ni ghali. Mwanasheria analipwa kwa saa, hata barua pepe ya mistari miwili ina bili.

Matunzo ya watoto New York yana fomula, mtoto mmoja asilimia 17 ya mapato, wawili 25, watatu 29, inapigwa kwenye mapato ya wazazi wote wawili mpaka kikomo fulani, kisha kila mzazi anabeba sehemu yake kwa kipato chake, na yanalipwa mpaka mtoto afike miaka 21. Gharama ya mlezi kama mimi inaongezwa juu na kugawanywa, kwa hiyo atunze risiti. Lakini ada ya shule ya binafsi haiingii yenyewe, inabidi muikubaliane kwa maandishi au jaji aamue. Kwao bado wanavutana hapohapo. Mwaka huu aliomba punguzo la ada, akajaza fomu ya kueleza kila senti mpaka ya saluni, mama ambaye kila mwaka ndo alikuwa anachangia wengine. Alilia juu ya ile fomu kuliko juu ya karatasi za korti.

Vyombo vya jikoni navyo vinagawanywa?

Vinagawanywa na ni kasheshe. Nyama na maziwa havichanganywi, kwa hiyo kila nyumba ina seti mbili za sufuria, sahani, vijiko, sponji, halafu seti nyingine mbili za Pasaka tu. Baba alichukua za maziwa, mama akabaki na za nyama, wote wakanunua nusu nyingine. Sahani mpya za glasi na sufuria za chuma zinatumbukizwa kwanza kwenye maji ya mikve, kidimbwi chao cha utakaso, tulizibeba kwenye toroli la sokoni. Shida kubwa ni uaminifu, kama baba ataanza kulegeza kosha nyumbani kwake watoto watakula nini? Wakaandika kwenye makubaliano kwamba nyumba zote mbili zitashika kiwango kimoja. Ni vizuri kuandika.

Watoto wamepokeaje?

Kila mmoja kivyake. Binti mkubwa amekuwa mkali na msaidizi kwa wakati mmoja. Mdogo haelewi, anauliza leo nyumba gani. Wa kati, mvulana wa miaka tisa, ndo tunayemuangalia. Sinagogi yao wanaume na wanawake wanakaa mbali, kuna pazia katikati, alikuwa anakaa na baba yake. Wiki za mama baba anasali sinagogi nyingine, basi mtoto anabaki upande wa wanaume peke yake na mama hawezi kuvuka kwenda kukaa naye. Wiki kadhaa akakataa kwenda, anasema tumbo. Mzee mmoja jirani akaligundua bila kuambiwa, sasa kila Jumamosi asubuhi anapita mlangoni, anasema nahitaji mtu wa kunishikia kitabu. Wanaondoka wote wawili taratibu kwa mwendo wa mzee.

Na kiddush, ile baraka ya divai Ijumaa usiku ambayo baba ndo alikuwa anaisoma, anaisoma mama. Sheria inamruhusu kabisa, mwanamke anawajibika nayo sawa na mwanaume, ila hakuwahi. Mara ya kwanza sauti ilikuwa inatetemeka. Sasa watoto wanamsahihisha wimbo.

Jamii haimtengi?

Hawamtengi, ila wanamwangalia. Kuna marafiki wa ndoa waliopungua, hasa wale waliokuwa wawili wawili. Wengine wanampa pole utadhani amefiwa. Kuna suala la nywele pia, mke wa Kiothodoksi anafunika nywele, akiachika je? Wengi wanaendelea kufunika, kuna marabi wanaoruhusu kuacha kama kuna haja, kwa kazi au kwa kutafuta mchumba. Yeye bado anafunika, kasema nitaamua nikiwa nimelala vya kutosha.

Wewe usiye Myahudi unaweza kumwashia taa sabato?

Hawezi kuniagiza moja kwa moja, hata kwa sabato ijayo. Nikijiwashia kwa shughuli yangu mwenyewe hapo ni jambo jingine. Kwa ugonjwa mkali au hatari ya maisha hakuna mjadala, uhai unatangulia sabato, simu inapigwa na gari linaendeshwa.

Ataolewa tena?

Anaruhusiwa, zile siku 92 zimeshapita, isipokuwa hawezi kuolewa na kohen, mwanaume wa ukoo wa makuhani, Walawi 21 inamkataza kuoa aliyeachwa. Ila ndoa ya serikali bado haijavunjwa, kwa hiyo rafiki zake wanaotuma majina ya wachumba wasubiri. Walishaanza, mmoja alituma jina wiki ileile ya get.

Bosi au rafiki yangu yuko kwenye hali hii, nimsaidieje?

Muulize Jumatano, usiulize Ijumaa. Muulize wiki hii watoto wako kwako au kwa baba yao, jibu hilo litakuambia kama anahitaji chakula au anahitaji mtu wa kukaa naye. Ukipeleka chakula kiwe kimefungwa na alama ya kosha, matunda mazima ndo salama zaidi. Usimseme vibaya baba wa watoto mbele ya watoto, hata yeye akimsema, wanasikia wakiwa chumba cha pili. Kama unamfanyia kazi andika saa zako na malipo yako vizuri, zile karatasi zinaingia kortini. Na kama hajapata get, usimwambie achana na mambo ya dini songa mbele. Muulize kama ana mtu wa kumsindikiza kwa marabi, anaruhusiwa kwenda na mwenzake, na wengi wanakwenda peke yao kwa sababu hakuna aliyejitolea.